Mirija Kumi na Tisa

"Mrija huu wa shaba, bamba hili la chuma. Hapana lehemu, hapana gundi, hapana moto uliopita hapa. Haya, Bi Maswali, kilichoushika nini?"

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nikalikanyaga bamba kwa mguu, nikaukamata mrija kwa mikono miwili, nikavuta mpaka viganja vikaniwaka. Haukutikisika.

"Vuta, mwana wewe! Au kwa shangazi yako hupewi chakula?"

"Umebanwa," nikasema.

"Umebanwa na nani? Shaba imekibana chuma, au chuma kimeibana shaba?"

Sikujua. Akakichukua kile kipande, akakifuta kwa kitambaa kama mtu anavyofuta msahafu, akakirudisha kwenye rafu. Jibu hakunipa. Alisema tu, "Ukijua, njoo unambie," kisha akanituma nikamwambie mkewe atie chai.

Mtaa mzima wa Madungu, Pemba, ulimwita Fundi. Mafundi wengine walikuwapo, wa pikipiki, wa redio, wa cherehani, lakini hao walitajwa na kazi zao. Yeye alikuwa Fundi peke yake, bila nyongeza, na sikumbuki kama niliwahi kusikia mtu akimwita kwa jina. Hata mkewe alimwita Fundi, na watu wakamwita mkewe Bi Fundi. Nilimjua kwa sababu shangazi yangu, aliyenilea nilipotoka kwetu Wingwi kuja kusoma sekondari, alikuwa na nyumba iliyogusana mgongo na banda lake la mabati. Nilikuwa nikiandika kazi za shule uani huku nikisikia chuma kikizungushwa ndani ya chuma, sauti nyembamba, ya polepole, inayokatika ghafla. Siku moja niliruka ukingo kwenda kutazama kinachokatika ni nini. Sikurudi kuandika.

Kazi yake ilikuwa moja tu, na watu wachache kisiwani kwetu waliiweza. Mashine yoyote inayochemsha au kupoza, boila, kipozeo cha mvuke, mtambo wa barafu, ndani yake mna mirija mingi inayopita kwenye mabamba yenye matundu. Mirija mara nyingi ni ya shaba na bamba ni la chuma, vitu viwili visivyopendana motoni. Ukitaka kuviunganisha bila kuviyeyusha, unautia mrija tunduni, unaingiza chombo chenye vijiti vitatu vinavyozunguka pembeni mwa pini iliyochongoka, na unazungusha. Vijiti vinausukuma mrija kutoka ndani, unatanuka, unajaza tundu, na mwisho haupitishi maji wala mvuke. Chombo kile alikiita rola. Alikihifadhi ndani ya kipande cha kanga na kukipaka mafuta ya nazi, ya kupikia hasa, yaliyokuwa yakitoweka jikoni kwa Bi Fundi.

"Leo wali wa mafuta ya taa," Bi Fundi alikuwa akipaza sauti kutoka uani. "Tui lote limeliwa na mke mwenza!"

Mke mwenza ndiyo ile rola. Fundi alitabasamu upande mmoja wa mdomo, akaendelea kuzungusha.

Alikuwa na namna yake ya kufanya, na hakuiacha hata mteja akiwa na haraka namna gani. Alianzia mrija wa katikati, kisha akaruka kwenda pembeni, akavuka kwenda upande wa pili, kama mtu anayekwepa kukanyaga alipokwisha kupiga deki. Kila mrija aliuanza na bismillahi. Akizungusha alilaza shavu kwenye mkono wake wa kushoto, macho ameyafumba, na aliposikia anachokisikia aliacha papo hapo. "Umeshiba," alisema. Mrija usioshiba unavuja leo, na uliovimbiwa unapasuka kesho. Hiyo ilikuwa ndiyo elimu yote aliyonipa kwa maneno. Nyingine ilikuwa ya kutazama.

Lehemu aliichukia. Mafundi wengi, kiungo kikiwatia wasiwasi, huzungushia lehemu kidogo ili walale usingizi. Fundi alisema lehemu ni kiapo cha mwongo, na kwamba kiungo kilicho sawa hakina haja ya kuapa. Aliwahi kurudisha kazi nzima ya mtu mmoja wa Wawi kwa sababu aliukuta mrija mmoja umepakwa na fundi mwingine. "Mchukue shahidi wako," alimwambia, "mie sikai naye baraza moja."

Na bado mtu huyu alikuwa mwongo. Nitamsema vizuri na nitamsema vibaya, maana vyote ni vyake. Ile rola yake nimesikia historia zake tatu. Mteja mmoja aliambiwa kapewa na nahodha wa Kijerumani. Mwingine aliambiwa kainunua Mombasa siku ya mvua kutoka kwa Muhindi aliyekuwa akilia. Shangazi yangu aliambiwa kairithi. Nilipomuuliza ipi ya kweli alisema, "Zote, kwa zamu." Alitudanganya kuhusu umri wake, kuhusu papa aliowavua, kuhusu safari za bara. Lakini kazi hakuidanganya. Akipasua mrija kwa kuzidisha, hakuutupa. Aliutundika msumarini karibu na mlango, na mteja akija alimwonyesha kabla hajaulizwa. "Huu nimeuua mie," alikuwa akisema. Nilimpenda kwa maneno yale matatu kuliko kwa yote aliyonifundisha.

Saa za ukutani alikuwa nazo tatu, akazilinganisha kila asubuhi na adhana, maana alisema saa moja inaweza kukupotezea sala, mbili zitagombana, ya tatu itaamua. Nikadhani mtu mwenye saa tatu atapenda vipimo. Mwaka wangu wa kwanza chuo kikuu, nikisomea uhandisi wa mitambo, nilimletea zawadi kalipa nzuri ya chuma, ya kupimia unene wa mrija mpaka sehemu ndogo za milimita. Aliipokea kwa mikono miwili, akaniombea dua ndefu, akaitundika msumarini. Nilipokuja likizo iliyofuata nilimkuta akijikunia nayo mgongo.

"Fundi! Hiyo ni ya kupimia!"

"Napima, mwanangu. Hapa panawasha, hapa hapawashi."

Kulikuwa na kitu kimoja zaidi ambacho wakati ule nilikiona kuwa ni hekima. Ukimuuliza Fundi *vipi*, alikuonyesha mchana kutwa bila kuchoka. Ukimuuliza *kwa nini*, alikurudishia swali, au alikumbuka kuna mtu anamsubiri sokoni, au alitaka chai. Mimi ni mtu wa kwa nini. Nimegombana na walimu, na maimamu, na wahadhiri, na baba yangu mdogo siku ya harusi yake. Nyumbani walisema mtoto huyu akiingia peponi atauliza nani kajenga. Lakini kwa Fundi nilijifunga mdomo mwenyewe. Niliamini ananyima majibu kama mwalimu bora anavyonyima, ili nikayatafute. Nilihoji kila kitu duniani isipokuwa mkono wa mtu yule.

Mwaka wa pili nililipata jibu, katika somo la nguvu za metali, asubuhi moja ya joto na feni mbovu. Shaba ni laini. Ukiisukuma inakubali umbo jipya na kubaki hapo hapo. Chuma ni kigumu. Tundu lake linaposukumwa na mrija unaotanuka, linatanuka kidogo tu, na ukiacha kusukuma linataka kurudi lilipokuwa. Kurudi huko ndiko kunakobana. Ni chuma kinachoishika shaba. Na ili kiungo kishike, mrija sharti uwe laini kuliko bamba. Ukigeuza, mrija mgumu kwenye bamba laini, basi ni mrija ndio utakaorudi, na utajitoa kwenye tundu wenyewe hata kama jicho halioni. Swali hilo lilikuja kwenye mtihani na nikalijibu kwa mistari minne na mchoro.

Nilikuja Pemba likizo hiyo nikiwa na jibu mdomoni. Nikakaa bandani kwake siku tatu. Kile kipande cha mfano kilikuwa palepale kwenye rafu. Sikusema. Niliona haya kumpelekea mtu jibu la swali lake mwenyewe, kama mtoto anayemsomea shehe alifu. Nikanywa chai yake, nikarudi chuoni.

Sasa nifike kwenye kilichonileta.

Nilipomaliza chuo sikupata kazi, na mama yangu Wingwi alikuwa na kazi isiyo na mashine. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kumi na wanne. Aliwashawishi mmoja mmoja, mlango kwa mlango, wang'oe muhogo kwenye vipande vyao vya chini ya kilima na kupanda mchaichai, ili wakamue mafuta wenyewe badala ya kusubiri msimu wa karafuu za wengine. Mwanamke kung'oa muhogo wa watoto wake kwa neno la mwenzake si jambo dogo kwetu. Walimwita Bi Mwenyekiti, nusu utani, nusu heshima, na kila mmoja alipokutana naye njiani alimuuliza, "Mashine lini?"

Mashine ilikuwa mimi. Nilichora mtungi wa kuchemshia majani na kipozeo cha mirija kumi na tisa, mvuke upite ndani ya mirija na maji ya kupoza yapite nje yake. Mnunuzi mmoja wa Unguja alikuwa tayari kuja kuona, ila alitaka mafuta yasiyo na rangi. Shaba niliiogopa kwa sababu hiyo, hutia ukijani. Nikachagua mirija ya stenlesi, chuma kigumu kisichoshika kutu. Nilipompelekea Fundi mchoro, aliugeuza mara mbili, akaingia ndani, akatoka anakokota kitu kilichofungwa kwa gunia.

"Bamba lako hili," alisema. "Nimeliweka miaka. Nilikuwa sijui nimemuwekea nani."

Lilikuwa bamba la shaba njano, nene kama kidole gumba, safi, halina kutu wala haliwezi kuishika. Nililishika nikakaribia kulia. Stenlesi na shaba njano, vitu viwili visivyooza, na bamba mvuke ungeligusa kwa uso mmoja tu. Nilifikiria mafuta yasiyo na rangi tu. Mistari yangu minne ya mtihani haikunijia hata kidogo. Hilo ni kosa langu, na sijawahi kulikana.

Alikuja Wingwi kwa siku tano, rola ndani ya kanga yake. Mama alimpikia pweza. Akina mama walikaa mkekani wakimtazama anavyofumba macho, na mmoja akamuuliza kama analala.

"Nasikiliza, bibi."

"Wasemaje?"

"Wasema wanawake wa Wingwi hawanyamazi."

Walicheka mpaka wakashikana. Alianzia katikati, kama kawaida yake. Mrija wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilikuwa nimechuchumaa mbele yake nikishika taa ya simu. Kwenye mrija wa tano alisimama. Aliichomoa rola, akaitazama, akaingiza kidole gumba ndani ya mrija, akakizungusha taratibu. Kisha akainua uso akanitazama. Nakumbuka muda ule kwa sababu haukuwa mfupi.

"Vipi, Fundi?"

"Hapana kitu."

"Mgumu?"

"Mgumu ndio mgumu." Akairudisha rola, akasema bismillahi, akaendelea mpaka wa kumi na tisa.

Tulijaribu kwa maji baridi. Alikuwa na mtindo wake wa kupaka viungo poda ya watoto, ile nyeupe ya kopo, kwa sababu poda huonyesha unyevu kabla jicho halijaona tone. Tukajaza maji, tukaacha siku tatu. Poda ilibaki kavu kama ilivyopakwa. Fundi akawaambia akina mama mbele ya mama yangu, "Kiungo nilichokishika mie hakitoki. Itatoka roho kwanza." Nikamwona mama anashusha pumzi.

Siku yenyewe walikuja wengi. Sheha, mkuu wa kijiji, alikuja, mnunuzi alikuja na shati lililopigwa pasi na vichupa vyake vidogo, akina mama walivaa kanga za pea moja, vitumbua vilikuwa kwenye sinia. Fundi alitoka Madungu alfajiri na kofia mpya. Tukawasha moto. Mvuke ulipofika kwenye kipozeo, mdomoni mwa bomba likaonekana tone, kisha jingine, safi kama maji ya kisima kirefu, na juu yake duara jembamba la mafuta. Vigelegele vikapaa. Mama alikinga kiganja, akanusa, akawapelekea wenzake wanuse.

Haikufika nusu saa. Mafuta yakaanza kuwa meupe mazito, kama maji ya kuoshea mchele, kisha yakawa na rangi ya maji ya bwawa tuliyokuwa tukipozea. Bamba lilikuwa limepata moto, na moto ulimaliza kilichobaki. Mirija ilikuwa imejitoa. Maji yaliingia kwenye mafuta, na mafuta yakatoka na maji. Mtaro wote wa chini, mpaka walipokuwa wakioga bata wa jirani, ukanuka mchaichai mtamu ajabu. Mnunuzi alishuka akainama, akanusa mtaroni.

"Mafuta yenu mazuri," alisema kwa upole. "Ila mwayapa bata."

Sheha akauliza, si kwa ubaya, ni swali la mtu mzima anayetaka kujua, "Hivi nani kaitengeneza?"

Nilimtazama Fundi. Nilikuwa na hakika ya maneno atakayosema, na kwa siri nilikuwa tayari kumkatiza nami nichukue sehemu yangu. Alikuwa amesimama mikono nyuma. Nilisubiri *huu nimeuua mie*.

"Mie nimekaza nilivyoambiwa," alisema. "Mhandisi huyu hapa." Akanionyesha kwa kidevu.

Alivaa kofia yake vizuri na kuondoka kabla ya adhuhuri. Vitumbua havikuliwa.

Mnunuzi hakurudi. Tungeweza kubadilisha bamba, nilijua hivyo baada ya wiki moja tu, nilipofungua madaftari yangu ya chuo na kukuta mistari minne ikinitazama, mrija mgumu kwenye bamba laini. Lakini hakuna aliyetaka tena kusikia neno mashine. Wengine waliung'oa mchaichai wakarudisha muhogo. Wengine waliwaachia ng'ombe. Mama alikabidhi daftari la kikundi bila kuombwa. Hakunilaumu hata kwa jicho. Lakini njiani walipokutana naye waliendelea kumwita Bi Mwenyekiti, na sasa haikuwa tena nusu heshima. Mmoja aliniuliza nikiwa kisimani, "Chuo kikuu hicho, mwanangu, ni cha ghorofa ngapi?" Nilichukua ndoo yangu nikapanda kilima. Mwezi uliofuata nilikuwa Unguja, nimepata kazi ya kutunza mitambo ya maji.

Nimemfikiria mtu yule kuliko anavyostahili. Nilipokuwa na hasira nilijipangia hesabu yake namna hii. Mimi nilisahau kanuni. Yeye hakuisahau, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kazi yake. Ndiye aliyeuliza nani kambana mwenziwe, miaka hiyo yote, na kipande kwenye rafu. Ndiye aliyenipa bamba. Kwenye mrija wa tano mkono wake ulimwambia, akanitazama, akachagua kunyamaza. Kwa hiyo alijua. Aliniacha niende mpaka mbele ya sheha, mbele ya mama yangu, aone msomi anavyoanguka. Labda kwa ajili ya ile kalipa. Labda kwa sababu mwanafunzi aliyepita mlango wa chuo si mwanafunzi tena. Nilibadilisha sababu, hukumu sikuibadilisha.

Mwaka wa pili baada ya hapo nilikwenda Pemba kwa ajili ya Idi, na siku ya tatu nikaenda Madungu. Banda lilikuwa wazi. Alikuwa amekonda, amekaa kwenye kigoda, rola mapajani ndani ya kanga yake. Msumeno mdogo wa chuma ulikuwa mezani na unga wa shaba ulikuwa umetapakaa sakafuni, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwake, maana Fundi alikuwa anafagia kabla ya kupumua. Niliona, nikapita.

"Bi Maswali," alisema. "Idi mubaraka."

"Idi mubaraka, Fundi. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa. Nimwambie atie chai?"

"Sinywi. Nina swali moja tu nitaondoka."

Akacheka kidogo. "Lini ulikuja na mawili?"

"Siku ile Wingwi, mrija wa tano. Ulijua?"

Zile saa zake tatu ziligonga ukutani, kila moja kwa wakati wake kidogo. Nilitambua kwamba alikuwa ameacha kuzilinganisha. Aliifungua kanga, akaifunga tena.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua hautashika?"

"Nilijua."

"Na kwa nini haukuwa wa kushika, ulijua?"

Hapo aliutazama ule msumeno mezani. "Fundi asiyejua kwa nini," alisema, "ni fundi gani huyo?"

"Basi kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza, mwanangu."

Nilisimama. Nilikuwa nimeyatayarisha maneno tangu kwenye boti, mengi na makali. Nilimwambia, "Mama yangu alikupikia." Akainamisha kichwa. Nikaenda zangu. Nilipokuwa mlangoni aliita, "Bi Maswali," nikageuka, akanitazama kama anataka kuongeza, kisha akasema niangalie kizingiti, ubao umelegea.

Alipofariki nilipigiwa simu na shangazi. Sikwenda, wala sikutuma mkono wa tanzia. Nilisema nina zamu, na kweli nilikuwa na zamu.

Ilikuwa muda mrefu baadaye Bi Fundi alipokuja Unguja kutazamwa macho, akafikia kwa binti yake, akaniita. Nilikwenda kwa adabu tu. Alinipa kopo la maziwa ya unga, zito kupita ukubwa wake. Ndani mlikuwa na viungo vidogo vidogo, kila kimoja kimepasuliwa kwa msumeno urefu wake wote, ili mtu aone mrija na bamba vilivyokutana ndani. Shaba ndani ya chuma, shaba ndani ya shaba njano, na vingi kuliko vyote, stenlesi ndani ya shaba njano.

"Tangu arudi Wingwi," Bi Fundi alisema, "kazi yake kukata. Wateja kawaacha. Akata, atazama, akata chengine. Namwambia, Fundi, watafuta nini humo? Anambia kidole kilimwambia kitu siku ile na yeye hakukifahamu, akaona haya kusema mbele ya wanawake na mtoto aliyesoma."

"Mimi aliniambia alijua."

"Kujua!" Alitafuta uso wangu kwa macho yake mabovu. "Angejua angelitia lile bamba lake alilolipenda vile? Fundi hajapata kujua, mwanangu. Mkono ulijua, yeye hajui. Lile swali lake la nani kambana mwenziwe alikuwa nalo kabla hajanioa. Kamuuliza mtu wa meli, kamuuliza daktari wa meno, kamuuliza hakimu, kwa kuwa wamesoma. Kila mmoja na lake. Mwisho akaacha kuuliza watu. Akisema hana haja tena, kwa kuwa keshamwagiza yule mtoto wa Wingwi, na yule akijua, atakuja kumwambia."